Msiulize Kama Itapaa, Ulizeni Komeo

Video hiyo mmeiona, kama si moja basi nyingine. Uwanja wa shule ya msingi au kipande cha barabara ya vumbi, umati umeinua simu, na katikati pana kitu chenye mabawa ya turubai na injini iliyong'olewa kwenye gari. Injini inanguruma, vumbi linapanda, kitu kinakimbia mita mia mbili, kinayumba, kinasimama. Chini ya video kuna maoni mia tatu. Nusu wanacheka mpaka machozi. Nusu nyingine wameweka bendera na ngumi, Afrika tunaweza, serikali iko wapi, kijana huyu apewe ufadhili leo leo.

Nina ugomvi na nusu zote mbili.

Wanaocheka wanauliza kama itapaa. Wanaoshangilia nao wanauliza hilo hilo, ila wao wameshajijibu. Katika maoni yote hayo sijakuta hata mtu mmoja aliyeuliza swali dogo ambalo fundi yeyote wa milango angeuliza kabla ya kupokea malipo: hiyo kitu inafungwaje? Mtu akishaingia ndani, ni nini kinachomfungia? Nani alikiona kikifungwa, na nani alikijaribu?

Mimi si rubani. Nilisoma uhandisi wa mitambo mihula mitano, ada ikanishinda, nikarudi nyumbani Jilore, kwenye ile barabara inayotoka Malindi kwenda lango la Sala la Tsavo, msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa upande mmoja na bonde la Sabaki upande wa pili. Nakula kwa kuandika. Siku ambazo hakuna anayenunua maneno, nashika msasa kwenye karakana ya amu yangu, ambako tunachomelea mageti, grili na makomeo. Kwa hivyo nitaongea habari ya komeo. Injini na mabawa wameshayaongelea wengine, tena kwa makelele.

Ndege nyingi ndogo ambazo watu hujijengea hazina mlango kama wa gari. Rubani anapanda, anaketi, kisha anajifunika kwa kifuniko cha plastiki ngumu inayoona, kama bakuli lililofudikizwa. Wenyewe wanakiita kanopi. Upande mmoja kina bawaba, upande wa pili kina komeo. Ukikitazama ndege ikiwa imesimama, utasema komeo lile ni la kuzuia mvua tu, manake kifuniko kimejilalia chenyewe kwa uzito wake.

Hapo ndipo macho yanapodanganyika. Hewa ikipita juu ya mgongo uliobinuka huongeza kasi, na pale inapoongeza kasi msukumo wake hupungua. Hewa ya ndani inakuwa nzito kuliko ya nje, na kifuniko kinavutwa kwenda juu. Tupige hesabu ya kijijini. Ndege ikienda kilomita 185 kwa saa, mwendo wa kawaida kwa ndege hizi, nguvu ya upepo unaoipiga ni kama kilo 160 kwa kila mita ya mraba. Tuseme nusu ya nguvu hiyo ndiyo inayovuta kanopi, na kanopi ina ukubwa wa mita moja ya mraba. Hiyo ni kilo 80. Gunia la mahindi la soko la Kenya ni kilo 90. Yaani karibu gunia zima limening'inia kwenye komeo lako, ila linaning'inia kuelekea mbinguni.

Sasa sehemu mbaya. Nguvu hiyo haipandi sawasawa na mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, yenyewe inakuwa mara nne. Ndege ikitambaa kwenda mwanzo wa uwanja, kilomita 30 kwa saa, mvuto ni kilo mbili tu, na kanopi yenye uzito wa kilo 10 haitikisiki hata komeo likiwa halijaingia. Unapita mbele ya watu, unawapungia mkono, kila kitu shwari. Ukifika kilomita 65 hivi kwa saa, kwa hesabu hiyo hiyo, mvuto unalingana na uzito wa kifuniko. Hapo ndipo kinaanza kuinuka. Na hapo uko wapi? Uko katikati ya mbio za kuruka, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mafuta, mwisho wa uwanja unakujia. Komeo bovu linangoja dakika ile ambayo huna mkono wa tatu.

Marubani wa ndege hizi wanafundishwa jambo moja linaloonekana la ajabu: kanopi ikifunguka, iache. Rusha ndege kwanza. Ndege nyingi zinaweza kuendelea kuruka hata kanopi ikiwa wazi, kwa kelele na upepo wa kutisha, zirudi zitue. Kinachoangusha watu mara nyingi ni ule mkono unaoachia usukani kwenda kukamata kifuniko. Wasomaji wangu wa mjini, nyie mnaoinua simu kwenye pikipiki ikiwa mwendo wa sitini, mnalielewa hili kuliko mnavyodhani.

Nendeni sasa kwenye stegi yoyote, mfungue boneti ya Probox. Unavuta kishikio ndani ya gari, kinalia tak, boneti inainuka inchi moja, halafu inakwama. Lazima uingize kidole chini yake utafute kilimi cha pili ndipo ifunguke. Kile kilimi kinakera, hasa injini ikiwa moto. Kiliwekwa manake watu walishajua kwamba komeo la kwanza litasahaulika siku moja, na boneti ikiruka barabarani ikafunika kioo, dereva haoni. Hakuna Probox inayobeba miraa alfajiri isiyokuwa na kilimi hicho.

Burt Rutan, mbunifu wa Marekani aliyewauzia watu michoro ya kujijengea ndege nyumbani, aliwataka wajenzi wake waweke kitu kile kile. Ndege yake ya VariEze, ambayo michoro yake ilianza kuuzwa 1976, na ile iliyoifuata ya Long-EZ, zina kanopi yenye bawaba ubavuni. Ikiachia, inapeperuka pembeni kama dirisha kwenye upepo wa kusi. Kwa hivyo mbali na komeo kuu, kuna kishikizo cha pili cha usalama kinachoidaka kanopi ikishainuka kidogo, na kuna king'ora cha kumpigia rubani kelele akitaka kuruka kanopi ikiwa haijafungwa. Makomeo mawili na kelele juu. Na hawa ni watu waliokuwa na michoro mizuri, gundi nzuri, na viwanja vya ndege vyenye lami.

Lakini kilichonifanya nimheshimu Rutan ni karatasi. Kampuni yake ilikuwa inatoa jarida dogo, Canard Pusher, likienda kwa wajenzi. Mtu akigundua kasoro kwenye ndege yake huko kwao, inaandikwa. Ukurasa fulani wa michoro, badilisha hiki. Marekebisho mengine yakiandikwa waziwazi kwamba usiruke tena kabla hujayafanya. Mtu aliyekuwa peke yake ndani ya gereji, na mke wake amechoka na vumbi la faibaglasi, alikuwa anapata macho ya wenzake mamia. Kifuniko cha mmoja kikifunguka, makomeo ya wote yanakaguliwa.

Hicho ndicho tunachokosa, na ndicho ambacho hakuna hata mmoja kwenye yale maoni mia tatu anayekililia. Mnamlilia kijana apewe injini. Injini atapata, Mombasa kuna injini za Japani zimejaa mpaka juu ya paa. Hana mtu wa kumwambia komeo lako liko kinyume.

Nieleze "kinyume" ni nini, manake hapa fundi wa geti hutofautiana na fundi wa ndege, na nimebishana na amu yangu juu yake mpaka chai ikapoa. Geti ni la kuzuia mtu wa nje asiingie. Likishindwa kufunguka haraka, unatukana kidogo, basi. Komeo la kanopi lina maadui wawili wanaovutana. La kwanza, lisifunguke kamwe lenyewe, na injini ya silinda nne inalitikisa saa nzima. La pili, lifunguke mara moja kwa mkono mmoja, ndege ikiwa imepinduka na petroli inanuka, na lifungukie pia kwa nje, manake anayekuja kukutoa ni mchunga mbuzi ambaye hajawahi kuona kitu kama hicho. Kila ukiliridhisha moja unalikaribisha lingine. Watu wa mjini wanajua habari ya grili: nyumba imekomelewa dhidi ya mwizi, moto unazuka, funguo haionekani.

Sasa chukua mjenzi wetu. Komeo lililo kwenye mchoro ni la vipande sita vya aluminiamu vilivyounganishwa kwa fimbo moja, ukisukuma mkono mmoja kulabu zote zinaingia pamoja. Aluminiamu ile haipo Malindi. Anakwenda duka la vifaa vya ujenzi, ananunua lile komeo la kuteleza la mlango wa choo, anapiga riveti mbili. Ameokoa pesa, limefunga vizuri, linapendeza. Ila komeo la kuteleza linashikwa na msuguano tu, na mtetemo unaula msuguano taratibu, milimita kwa milimita, mpaka limerudi lote. Pale chooni hakuna injini inayotetemesha mlango.

Au watoto wanachezea ndege usiku, anaongeza kitasa cha kufuli kwa nje. Jambo la busara kabisa. Siku ya kuruka kufuli limetolewa, lakini ulimi wake umebaki, na ukijigonga unaweza kuangukia kwenye pete yake na kumfungia mtu ndani. Sisemi haya yametokea kwa mtu fulani. Nasema mimi, kwa mikono hii, nimeweka aina hiyo ya kitasa kwenye mageti mengi sana, na najua kinavyojiangukia chenyewe.

Mtaniambia ni komeo tu, mbona nalikuza. Basi nichukue kisa ambacho hakina komeo kabisa, kina koki ya mafuta. Tarehe 12 Oktoba 1997, mwimbaji John Denver alianguka na ndege aina ya Long-EZ kwenye ghuba ya Monterey, California. Ndege hakuijenga yeye, aliinunua ikiwa imeshajengwa na kutumika. Kwenye michoro ya Rutan, koki ya kubadilisha tangi iko mbele ya rubani, katikati ya miguu. Aliyeijenga hakutaka mabomba ya mafuta yapite pale alipoketi mtu. Nia nzuri, si ndio? Akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Ili uigeuze ilibidi uachie usukani, ujipinde, upeleke mkono wa kulia juu ya bega la kushoto. Ukijipinda hivyo, mguu wako wa kulia unasukuma pedali bila wewe kujua, na ndege inageuka.

Kabla ya safari hiyo, fundi mmoja pale uwanjani alizungumza na Denver juu ya koki hiyo ngumu kufikika. Wakajaribu kuirefusha kwa koleo la kubana. Haikufaa. Akapewa kioo kidogo cha kujitazamia ili aweze kusoma vipimo vya mafuta vilivyokuwa nyuma yake. Soma tena hapo: kioo. Wachunguzi wa ajali waliorodhesha mambo mengi, pamoja na rubani kutojaza mafuta na kutoizoea ndege ile, na humo humo waliutaja uamuzi wa aliyeijenga wa kuiweka koki isiyo na alama mahali pagumu kufikika.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinawavunjia hoja wote wanaosema hizi ni shida za watu maskini wanaookoteza vyuma. Denver alikuwa tajiri, na alikuwa amerusha ndege kwa miaka mingi. Marekebisho ya nia njema, yaliyofanywa na mtu mmoja kwa kichwa chake, yalimngoja mtu mwingine kabisa. Ukibadilisha kitu kwenye ndege, hubadilishi kwa ajili yako tu. Unamwachia atakayeinunua, na ndugu yako mdogo atakayeingia siku ambayo hupo.

Na sisi ni taifa la kubadilisha. Tusijidanganye. Lori linakuja kutoka Japani likiwa lori, likifika hapa linatoka kwenye karakana likiwa basi. Bodaboda imeongezwa kiti, mwavuli, spika, na vyuma vya pembeni vya kulinda magoti. Mwaka 2004, sheria za Michuki zilipoanza, matatu zililazimishwa kuwa na vidhibiti mwendo na mikanda. Mnajua wenyewe vidhibiti vile vilivyochezewa baadaye. Sidharau ufundi huu, nakula kwa huo. Siku lori linakwama Kakoneni na sehemu ya kubadilisha iko Ujerumani, ni amu yangu anayelitoa. Lakini ufundi wetu una tabia moja: hauandikwi. Fundi anakata, anachomelea, anapaka rangi juu, anaondoka. Fundi wa pili anakuja kukuta kitu asichojua kilikuwaje awali. Barabarani tunalipa gharama hiyo kidogo kidogo, kila wiki, na tumeizoea. Angani huwezi kusimama kando ukafungua boneti.

Kuna hoja nyingine inayoletwa na wale wa bendera na ngumi, na hii inastahili jibu. Wanasema mababu zetu wa pwani hii walijenga mitepe, majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, yakavuka bahari, na hakuna aliyekuwa na mchoro wala daftari. Kwa nini mjenzi wa ndege aandike?

Kwanza, jahazi hujengwa ufuoni, hadharani, kwa miezi. Kila mzee anayepita anapiga ubao kwa fimbo, anasikiliza, anasema huu haufai. Fundi mkuu ana wanafunzi, na wanafunzi wana macho. Ndege ya kijana wetu inajengwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kwa sababu jirani wakijua watamcheka. Kicheko chenu ndicho kinachomfungia ndani. Pili, mtepe umekwenda wapi? Uliisha. Walipotaka kuujenga upya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib kule Zanzibar, ilibidi wategemee mifano midogo na maelezo ya zamani. Ujuzi wa karne nyingi ulikwenda na vidole vya wenyewe. Ukinitajia mtepe, unanisaidia mimi.

Tumekuwa na watu wa kutosha wa kujifunzia. Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta hapa Kenya, alijijengea ndege kwa injini ya Toyota na maarifa aliyoyakusanya intaneti. Kampala, Chris Nsamba na wenzake walikuwa na ndege yao kwenye ua wa nyumba ya mamake, 2011. Tunduma kule Tanzania kuna fundi aliyejitosa kwenye helikopta. Nimesoma habari zao kadhaa. Zinasema ndoto, zinasema miezi mingapi na shilingi ngapi, zinasema majirani walishangaa. Katika nilizosoma sikupata sentensi moja inayoeleza kifaa fulani kilishindwaje na kikabadilishwa kuwa nini. Waandishi wenzangu, hilo ni letu. Tuliwafikia watu hawa na kamera, tukawauliza wanajisikiaje. Mjenzi wa nne alianza pale pale alipoanzia wa kwanza.

Halafu kuna serikali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ina haki kisheria ya kuzuia kitu kisichokaguliwa kuruka juu ya vichwa vya watu, na iizuie. Siungi mkono uhuni wa kupaa kwa siri. Nyumba ya mamangu iko chini ya hiyo anga. Lakini katazo linalokuja siku ya mwisho, ndege ikiwa imeshamaliza kupakwa rangi, halifundishi kitu. Ukaguzi wa maana ni wa mapema, wakati mbavu ziko wazi na riveti zinaonekana. Uingereza, chama cha ndege nyepesi cha LAA kina wakaguzi wanaomfuata mjenzi hatua kwa hatua, na ukitaka kubadilisha kitu kwenye mchoro unapeleka maombi yakaangaliwe. Marekani, chama cha EAA, kilichoanzishwa 1953, kina washauri wa kujitolea wanaokuja gerejini kwako kukutazamia kazi bila malipo. Sheria ya kule inamruhusu mtu kujijengea ndege mradi sehemu kubwa ya kazi, ile wanayoiita asilimia 51, iwe ni ya watu wanaojenga kwa kujifunza au kujifurahisha. Ikimalizika inabandikwa neno la kuonya kwamba ni ya majaribio, na inarushwa bila abiria saa 25 au 40 mahali pasipo na watu wengi. Ukifanya badiliko kubwa baadaye, unaandika, unatoa taarifa, unarudi kwenye majaribio kwa saa zisizopungua 5. Yaani uhuru wa kubadilisha upo mkubwa kuliko wetu. Unaambatana na daftari.

Kutoka Jilore kwenda ofisi za Nairobi ni usiku mzima kwenye basi. Kwa mtu anayechuma kwa siku, safari moja ya kwenda kuuliza swali ni wiki ya chakula. Na uwanja wa ndege wa Malindi uko hapo, mafundi wa ndege wanaingia na kutoka. Sitaki jengo jipya wala kamati. Nataka fundi mmoja mwenye leseni, Jumamosi moja kwa mwezi, akae na mtu anayejenga chochote chenye mabawa, amtazamie. Na asiulizwe kwa nini anajenga.

Nikitaja Malindi siwezi kuiruka Ngomeni. Kutoka 1967 mpaka 1988 Waitaliano walirusha roketi kutoka majukwaa ya San Marco pale baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilitoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwa nyota, ya kwanza ya aina yake duniani, ikapewa jina Uhuru. Jina letu, bahari yetu. Miaka 21 ya roketi, na sijawahi kukuta maktabani wala dukani huku kijitabu cha Kiswahili kinachoeleza jinsi boliti inavyokazwa ili isilegee kwa mtetemo. Wavuvi wetu walijifunza siku za kuondoa mashua. Hicho ndicho walichohitaji kujua, wakaambiwa hicho.

Ndiyo maana nalia na lugha pia. Kijana wangu wa nyuma ya nyumba anasoma michoro kwa Kiingereza cha shule, anaelewa neno moja na kukisia mawili. Sisi tunaojiita waandishi tuna hadithi za mapenzi za kutosha, na mimi nimeandika zangu. Hatuna ukurasa mmoja unaosema: komeo la kanopi, makosa yaliyokwisha kutokea, njia za kulijaribu. Basi nianze mimi, hapa hapa, na mwenye leseni akiona nimekosea anisahihishe hadharani.

Tundika fremu ya kanopi ikiwa imefungwa kwenye kipande cha mwili wa ndege, kisha geuza vyote juu chini, bakuli litazame ardhi. Komeo sasa linabeba mzigo upande ule ule ambao anga itauvuta. Wahandisi wa ndege huzidisha mzigo wanaoutarajia mara moja na nusu kabla ya kuamini kitu, kwa hivyo kilo 80 zetu zinakuwa 120. Tandika gunia ndani ili plastiki isikwaruzike, halafu mimina mchanga, kidogo kidogo, ukitazama kulabu na siyo mchanga. Kikilia, simama. Kikikaa, acha mzigo hapo upumue nao.

Ukishautoa, chora mstari wa rangi unaovuka komeo na fremu yake, funga injini mahali pake, iwashe saa nzima ndege ikiwa imefungwa kamba. Mstari ukiachana, komeo limetembea. Baada ya hapo weka kilimi cha pili, kama cha Probox, na ulifungue la kwanza kwa makusudi uone kama la pili linadaka. Funga macho, vaa glavu, jihesabie sekunde za kutoka. Mwisho mwite mtoto wa darasa la sita asiyejua kitu, asimame nje, umwambie tu afungue. Ukiwa ndani, usimwelekeze.

Andika kila kitu kwa tarehe, na komeo ulilolitoa lihifadhi kwenye mfuko pamoja na karatasi inayosema kwa nini ulilitoa. Mchanga wa Sabaki upo. Mizani ya kilo 150 iko kwa amu, inasoma kilo mbili zaidi, kwa hivyo utoe mbili.